Weka Mikono Yote Miwili

Musa alipoambiwa apande mlima wa Abarimu, aitazame nchi kwa macho, kisha afe, alikuwa na haki ya kulia. Miaka arobaini amewabeba watu wale. Amekula nao mana, ameonja nao maji machungu ya Mara, amesikiliza manung'uniko yao asubuhi na jioni, na leo kwa kosa moja la Meriba anaambiwa hatavuka. Wewe ungepokea barua ya namna hiyo ungejibu nini? Nawafahamu wakuu wa shule ambao wangeomba kuongezewa mkataba. Wengine wangeulizia kiinua mgongo. Wengine wangemwendea askofu usiku, na kuku mkononi.

Fungua Hesabu sura ya 27 uone jibu la Musa. Ni kweli kwamba Kumbukumbu la Torati sura ya 3 inatuambia alisihi avuke akakataliwa. Alikuwa mtu wa nyama na damu kama sisi. Lakini siku ile ya Abarimu neno lililomtoka kinywani halikuwa juu ya kaburi lake wala juu ya jina lake. Alimwomba Mungu awape watu wale kiongozi wa kuwatangulia katika kutoka na kuingia, wasije wakabaki kondoo wasio na mchungaji. Mtu anaambiwa habari ya kifo chake, naye anauliza habari ya kundi!

Ndugu zangu wakuu wa shule za Kikristo, wajumbe wa bodi, maaskofu na wachungaji mnaomiliki shule hizo, masista, na ninyi walimu vijana mnaosoma haya katika chumba cha walimu mkisubiri kengele ya kipindi: sala ile inatuhukumu. Nani kati yetu ameshaiomba? Nani ameiomba kwa kutaja jina la mtu?

Tuseme ukweli. Shule zetu nyingi zina mkuu, lakini hazina uongozi. Mkuu akilazwa hospitali, hundi zinalala. Mzabuni wa mahindi na maharage anapiga simu na hakuna anayejua anadai kiasi gani, kwa sababu nusu ya hesabu iko kwenye vitabu vya mhasibu na nusu nyingine iko kichwani mwa mzee. Makamu anaitwa makamu, lakini kazi yake ni kusimamia paredi na kupokea lawama. Kikao cha bodi hajawahi kuingia, labda kuleta chai na taarifa ya nidhamu. Akaunti ya shule hajui inatiwa saini na nani. Halafu siku moja mzee anaanguka bafuni, na ofisi ya jimbo inaanza kuhaha. Anateuliwa padri kijana au mchungaji kijana, mtu mwema, mtu wa sala kabisa, ambaye hajawahi kusahihisha daftari la mtoto hata siku moja. Ndani ya mihula miwili walimu wazuri wameaga, wazazi wanaomba uhamisho wa watoto, na sisi tumekaa msibani tunaambizana kwamba shule ile ilikuwa ya mzee, mzee kaondoka nayo. Tunalisema neno hilo kama sifa ya marehemu. Mbele za Mungu ni mashtaka.

Maana mtumishi wa Mungu haondoki na shule. Shule si yake.

Sasa mwangalie Yoshua, kwa sababu hakuokotwa njiani siku ile ya mlimani. Mara ya kwanza tunamkuta katika Kutoka 17, Waamaleki wamewavamia Israeli huko Refidimu. Musa anamwambia achague watu akapigane. Jukumu la kwanza la kijana ni vita ya kweli, na watu wa kwenda nao anawachagua mwenyewe! Mzee yuko juu kilimani ameinua mikono, Haruni na Huri wanaitegemeza. Bondeni anayepigana ni kijana. Na vita ilipokwisha, Maandiko yanamhesabia Yoshua ushindi ule, ingawa kila mtu kambini aliiona fimbo ya Musa. Baadaye tunamwona akipanda na Musa kuelekea Sinai akiwa mtumishi wake. Baadaye tena, Musa akirudi kambini kutoka hema ya kukutania, kijana habanduki hemani. Kisha anatumwa kuipeleleza Kanaani, anarudi na habari njema ambayo hakuna aliyetaka kuisikia, na mkutano mzima unasema apigwe kwa mawe, yeye na Kalebu. Amepita vitani, amepita kwenye utumishi usioonekana, amekaa uweponi mwa Mungu peke yake, amesimama na wachache mbele ya wengi. Hayo ndiyo mafunzo ya uongozi. Yalichukua miaka arobaini. Nasi tunampeleka makamu wetu semina ya siku tatu hotelini Morogoro, anarudi na cheti, begi la kitambaa na risiti ya posho, tunaandika kwenye taarifa ya mwaka kwamba tumejenga uwezo.

Lakini hata Yoshua huyo alipata kuugua ugonjwa wetu. Siku ile roho iliposhuka juu ya wale wazee sabini, Eldadi na Medadi walikuwa wamebaki kambini, nao wakatabiri hukohuko. Kijana mmoja akaja mbio na habari hiyo, na Yoshua akamtaka Musa awanyamazishe. Aliona wivu kwa ajili ya bwana wake! Musa akamkemea: angependa watu wote wa Bwana wawe manabii.

Hapa ndipo penye kidonda, na nitakaa hapa kidogo. Mazungumzo yetu ya kurithishana uongozi tunayafanya kana kwamba tatizo ni fedha za mafunzo au uhaba wa watu. Tatizo ni wivu na hofu. Mkuu anasikia wazazi wanamsifu makamu: tangu mama yule ashike taaluma, watoto wanasoma. Usingizi unamtoka. Muhula unaofuata mama yule anapangiwa vipindi ishirini na nane, anaondolewa kwenye kamati ya mitihani, na hakuna mtu aliyesema neno baya. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wakuu wa shule tunasifiwa sana, kila mahafali, kila ibada ya shukrani, mpaka tunaamini kwamba pasipo sisi hata mvua haitanyesha kwenye shamba la shule. Mtu mwenye imani ya namna hiyo atamlea nani? Atalea wapiga makofi.

Na hofu ina sababu zake za duniani kabisa ambazo mahubiri hupenda kuziruka. Mkuu wa shule anakaa nyumba ya shule, anapanda gari la shule, anakula kwa heshima ya shule. Kule kwao hajajenga. Akiitazama siku ya kustaafu anaona giza. Kwa hiyo nawageukia ninyi wamiliki, wa madhehebu yote: shule isiyopeleka michango ya mkuu wake NSSF inamfundisha kung'ang'ania kiti. Msimhubirie unyenyekevu mtu mliyemnyang'anya uzee wake. Lipeni kwanza, ndipo mhubiri. Nami nikiwa mkuu ambaye michango yake inakwenda kila mwezi, na nyumba ninayo, na bado siwezi kumwachia mtu hata funguo za stoo, basi nijue hofu yangu si ya nyumba. Ni sanamu, na sanamu huvunjwa.

Mungu alimjibu Musa kwa maagizo ya vitendo. Mtwae Yoshua. Msimamishe mbele ya Eleazari kuhani na mbele ya mkutano wote. Mpe usia machoni pao. Mpe sehemu ya heshima yako, ili wana wa Israeli wamtii. Yote haya Musa angali hai, macho yake hayajafifia, nguvu zake hazijapungua. Hakuna jina lililofichwa kwenye bahasha litakaloonekana baada ya mazishi. Na liko jambo dogo katika sura ile ambalo wasomaji wengi hulipita: Musa aliambiwa aweke mkono wake juu ya kijana, naye aliposimama mbele ya watu akaweka mikono yote miwili. Alitoa zaidi ya alichoagizwa. Sisi tunaweka mkono mmoja, na wa pili tunashikilia kiti.

Je, mnadhani nazungumzia jambo la kale? Twendeni Zanzibar. Misheni ya Kianglikana ya UMCA ilipofika kisiwani katika miaka ya 1860 ilipokea watoto waliookolewa katika majahazi ya watumwa, ikawajengea shule, na shule hiyo ikawa Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani. Kutoka kwa watoto hao alitokea John Swedi, aliyepewa ushemasi mwaka 1879. Akatokea Cecil Majaliwa, mtumwa aliyewekwa huru, aliyesoma Kiungani, akapelekwa Canterbury huko Uingereza, akarudi, na mwaka 1890 akawa padri, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile. Huko Chitangali, upande wa Ruvuma, alichunga kanisa na kufundisha watu. Shule ilikuwa imefanya kazi yake. Mtoto aliyekuwa mtumwa sasa anasimama madhabahuni! Utukufu kwa Mungu.

Sasa hesabuni nami. Waanglikana wa Tanganyika walimpata askofu wao wa kwanza Mwafrika tarehe 15 Mei 1955, pale Yohana Omari alipowekwa wakfu Namirembe, Kampala, pamoja na Waafrika wenzake watatu kutoka Kenya na Sudan. Naye alikuwa askofu msaidizi. Kutoka upadri wa Majaliwa hadi siku ile ni miaka 65. Mtaniambia Omari alikuwa wa upande wa CMS, misheni nyingine ya Kianglikana, na Majaliwa wa UMCA. Ni kweli, na inazidi kuuma, maana upande wa UMCA wenyewe ulingoja mpaka 1963, John Sepeku alipofanywa askofu msaidizi. Ni miaka 73. Watu walifundishwa teolojia, wakapelekwa ng'ambo, kisha wakaambiwa wangoje. Sababu ilikuwa ileile ambayo wewe, mkuu wa shule, uliitoa kwenye kikao cha bodi mwaka jana: bado hajaiva.

Ataivaje bila kuwekwa motoni? Wazungu waliondoka, tukakaa sisi kwenye viti vilevile, tukapaka rangi ukuta, tukabadilisha picha, na sentensi ile tukaihifadhi. Nasema kwa uchungu. Tumewarithi wamisionari mambo mengi mema, na hofu yao tumeirithi pia.

Mara nyingi ilibidi Mungu atumie tufani. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani waliondolewa vituoni na kuwekwa kizuizini, ikiwa ni mara ya pili, kwa sababu ile vita ya kwanza nayo ilikuwa imewazoa. Wamarekani na Waswidi walikuja kusaidia, lakini hawakutosha kila kijiji. Kilimanjaro, Usambara, Bukoba, aliyekuwa akigonga kengele ya shule na kuongoza ibada Jumapili alikuwa mwalimu mwenyeji, mara nyingi kwa mshahara usiotajika. Wale waliokuwa hawajaiva waliivia humo. Na KKKT ilipoundwa mwaka 1963, mkuu wake wa kwanza alikuwa Stefano Moshi, mwana wa Uchagga. Tufani ilifanya kwa miaka michache kazi ambayo kamati zingeifanya kwa karne.

Ikaja tufani nyingine. Sheria ya Elimu ya 1969 ilizifanya shule za misheni kuwa mali ya taifa: Minaki, ambako Kiungani ilikuwa imehamia, Pugu, St. Mary's ya Tabora ambayo leo ni Milambo, na nyingine nyingi. Simlaumu Mwalimu Nyerere, aliyekuwa amefundisha St. Mary's na Pugu zote mbili na alijua alichokifanya. Watoto wa Kiislamu na wa wakulima wasio na dini walipata nafasi ambazo hawakuwa nazo. Lakini angalieni kilichotupata sisi. Makanisa yaliporudi kujenga sekondari kwa wingi, yalikuwa na viwanja, yalikuwa na wafadhili, yalikuwa na mapadri na wachungaji. Wakuu wa shule walei, waliolelewa ndani ya shule za Kikristo na kukomazwa humo, walikuwa wa kuhesabu. Kizazi kizima kilikuwa kimekosekana katikati. Ndiyo maana tukazoea kumtoa mtu parokiani na kumkalisha katika ofisi ya mkuu wa shule kana kwamba daraja takatifu linafundisha kupanga ratiba. Halifundishi. Namheshimu kila padri na mchungaji aliyejifunza ualimu na kuukalia chini. Wapo, na wengine ni wakuu bora kuliko wote niliowaona. Lakini kola si cheti cha ualimu. Na maaskofu, niruhusuni neno hili moja, kwa unyenyekevu: mkuu wa shule anayehamishwa kila baada ya miaka miwili kwa kuwa kumetokea nafasi mahali pengine hawezi kumlea mtu. Hana hata muda wa kujua majina.

Sitaki mseme kwamba nazungumza juu ya makosa tu. Kumbukeni Masasi. Trevor Huddleston, aliyepambana na ubaguzi wa rangi Afrika Kusini mpaka jina lake likajulikana duniani, alikuja kuwa askofu wa Masasi mwaka 1960, dayosisi yenye shule na hospitali, iliyojengwa na UMCA ileile iliyomngojesha Majaliwa. Mwaka 1968 aliondoka ili Mwafrika ashike usukani, na Hilary Chisonga akawa askofu. Huddleston alikuwa na miaka 55. Hakuwa mgonjwa, hakuwa amefukuzwa, na hakuna aliyemchoka. Alikwenda kuanza kazi nyingine katika mitaa ya London mashariki. Miaka 55, ndugu zangu! Kwetu umri huo ndio mtu anaanza kuitwa mzee na kunogewa.

Tuje kwa Samweli, kwa sababu liko kundi ambalo mpaka sasa limekaa kwa raha likidhani haliguswi: ninyi mlioanzisha shule za Kikristo kwa fedha zenu na kuziandikisha kwa majina ya watakatifu. Samweli alilelewa katika nyumba ya Eli. Kwa macho yake aliona wana wa Eli, Hofni na Finehasi, wakituma mtumishi kuchota nyama za sadaka kwa uma na kumdharau Mungu, na ujumbe wa kwanza aliopewa na Mungu akiwa mtoto ulikuwa hukumu juu ya nyumba ile. Kisha akazeeka, akawaweka wanawe Yoeli na Abiya kuwa waamuzi Beer-sheba, nao wakapokea rushwa. Mtu huyohuyo! Damu ni kitu kizito. Mwanao akiwa ameitwa na amefundishwa, akapita darasani na akapita njaa ya tarehe arobaini kama walimu wengine, mwekee mikono na Mungu ambariki. Lakini kama sifa yake ni kwamba jina lake la mwisho linafanana na lililoandikwa getini, unawapa watoto wa watu Yoeli na Abiya. Na Waisraeli walipomchoka Yoeli waliomba mfalme. Wazazi wakimchoka mwanao hawataomba kitu, wataondoa watoto.

Kuna jambo moja ambalo kwalo watawa wanatuzidi. Sheria ya Kanisa Katoliki kwa kawaida inawataka wakubwa wa mashirika kuwa na kipindi maalumu cha uongozi, kisha kushuka. Mama mkuu wa jana leo yuko jikoni au zahanati, na hakuna anayeshangaa. Mbona utaratibu huo unaishia kwenye mlango wa nyumba ya watawa, na shule iliyo hatua mia mbele haiujui?

Na wanawake walei nisiwasahau. Shule ngapi za Kikristo zinabebwa na makamu mwanamke aliyekaimu mara tatu, akaziba pengo mara tatu, na kila alipoletwa mkuu mpya akamwonyesha ofisi na choo cha ofisi, kisha akarudi kwenye meza yake? Akikaimu anafaa, akithibitishwa hafai. Andikeni sababu mbele za Mungu, kama ipo.

Vijana wenyewe tunawafanyia nini? Pale Alliance, Kikuyu, shule iliyofunguliwa mwaka 1926 na misheni za Kiprotestanti zilizoungana, wanafunzi viranja walipewa sehemu kubwa ya maisha ya shule waiendeshe wenyewe, na serikali ya kwanza ya Kenya huru ilijaa watu waliopita pale. Kiranja wa shule zetu nyingi ni askari wa kutega waliochelewa na mpelekaji wa majina ofisini. Tunamfundisha ukachero tunauita uongozi. Nendeni Jumapili jioni mkawaone watoto haohao kwenye kikundi cha UKWATA au TYCS: wanapanga ibada, wanachanga nauli, wanagombana na kupatana, wanahubiri kwa sauti ya kutetemeka. Hapo ndipo anapozaliwa mkuu wa shule wa mwaka 2050, na mlezi wao ni mwalimu aliyesukumiwa kazi hiyo kwa sababu hana familia. Tena kaka mkuu na dada mkuu wanakabidhi ofisi kila mwaka, mbele ya shule nzima, kwa saini na makofi. Watoto wa miaka kumi na minane wanaweza!

Lakini hata Musa na Yoshua hawatoshi. Kitabu cha Yoshua kinaisha kwa hotuba kubwa huko Shekemu, kwa jiwe la ushahidi, kwa kaburi. Soma uone kama kuna mtu amewekewa mikono. Hakuna. Yule aliyelelewa miaka arobaini hakuacha aliyemlea kwa jina, na Waamuzi sura ya 2 inatupa matokeo: kikainuka kizazi kisichomjua Bwana wala matendo yake. Kwa hiyo mkuu asiseme, mimi nimeshamwandaa makamu, nimemaliza. Paulo alimwagiza Timotheo ayakabidhi aliyoyasikia kwa watu waaminifu watakaoweza kuwafundisha na wengine. Yeye, Timotheo, waaminifu, wengine. Wakulima wa Rungwe, Bukoba na Uchagga wanalijua hili shambani: kwenye shina moja la mgomba mnaachwa mama, binti na mjukuu, na machipukizi mengine yanakatwa. Mama akikatwa mkungu, binti tayari yuko kiunoni na mjukuu ameshachomoza. Makamu wako anamlea nani? Usipoweza kulijibu swali hilo, shamba lako lina mama na binti tu.

Utaniambia ulishajaribu, kijana akakuangusha. Elisha naye alikuwa na Gehazi. Alikula naye, alisafiri naye, alimwonyesha miujiza, na Gehazi akamkimbilia Naamani kwa ajili ya fedha na nguo. Ni kweli, mwanafunzi anaweza kuondoka na ukoma. Lakini kama Eliya angeogopa kuangushwa, asingemtupia vazi Elisha nyuma ya ng'ombe wa kulimia. Mpe mtu kazi yenye uzito, mkague, mrekebishe faraghani, mtetee hadharani, na akiiba mshitaki. Usiwanyime waaminifu kumi kazi kwa sababu ya Gehazi mmoja. Nawe mwalimu kijana, Elisha alijulikana kama mtu aliyemmiminia Eliya maji mikononi. Usitake vazi kama hujashika birika.

Ukishakabidhi, ondoka kweli. Edward Carey Francis, mwanahisabati wa Cambridge, aliongoza shule ya Maseno, Kenya, kuanzia 1928 na Alliance kuanzia 1940 hadi 1962. Alikuwa mkali, na mrithi wake alikuwa Mzungu mwenzake, uhuru wa Kenya ukiwa mlangoni, hilo simtetei. Ila tazama alikokwenda. Hakujenga nyumba inayotazama geti la shule, akawa anapokea umbea wa walimu jioni. Alikwenda Pumwani, mashariki mwa Nairobi, akafundisha kama mwalimu wa kawaida katika sekondari ya watoto wa mitaa ile mpaka alipofariki mwaka 1966. Mkuu wa miaka thelathini na minne ameshika chaki, anaandikiwa ratiba na mwingine! Wewe mstaafu unayempigia simu mhasibu kila Ijumaa, umesikia?

Basi niwape wenyeviti wa bodi kazi, maana mahubiri yasiyo na kazi ni kelele. Katika kikao kijacho, kabla taarifa ya fedha haijasomwa, mwambie mkuu amlete makamu wake ndani, akae mezani, si mlangoni. Muulize makamu mahafali ya mwaka huu yatagharimu kiasi gani, mzabuni anadai nini, mwalimu gani wa fizikia anataka kuondoka na kwa nini. Akikosa majibu, asiaibishwe yeye; muulizwe mkuu. Kisha bodi iamue saini ya makamu iingizwe benki, na kwamba kwa muhula mmoja kamili makamu ataongoza shule, naye mkuu ashike vipindi vya darasani na kukaa nyuma kwenye paredi. Walimu waambiwe hadharani, wazazi waandikiwe, askofu ajulishwe. Majina yaandikwe kwenye muhtasari: la makamu, na la yule makamu anayemlea. Na mkuu akisema muda bado, akiulizwa lini akajibu Mungu atatuonyesha, mwenyekiti amfungulie Hesabu 27, amsomee kwa sauti, na kikao kisiahirishwe mpaka tarehe ipatikane.